Kilo Nne Kila Upande

Shamila aliingia sokoni Jumamosi ile akiwa amejiapiza kwamba hatatoka bila begi. Wiki nzima ilikuwa imemwendea kombo. Jumanne begi la mgongoni lilimtoa jasho mpaka gauni likamganda, akaingia kliniki kama mtu aliyenyeshewa. Alhamisi akajaribu kapu la mbele. Gurudumu likazama kwenye mchanga, usukani ukamgeuka, boksi moja likaruka nje. Ndani yake mlikuwa na chapa ya plasta ya kinywa cha mwalimu mstaafu, nayo ilipasuka vipande vitatu. Ikabidi mwalimu aitwe upya, aume tena ule ujiuji wa kuchukulia vipimo, na maneno aliyoyasema baada ya kuutema hayakuwa ya kialimu.

Kazi ya Shamila ilikuwa kutengeneza meno ya bandia katika karakana ndogo ya Bwana Amon. Alikuwa na miaka ishirini na minane. Kila asubuhi alitoka Gongoni, alikoishi na shangazi yake Sikuzani tangu akiwa na miaka kumi, akapita kwenye kliniki tatu kukusanya chapa za vinywa vya watu, na kila alasiri akapeleka meno yaliyokwisha kung'arishwa. Yote hayo kwa baiskeli ya kijani aliyoinunua kwa mshahara wake wa kwanza.

Kwenye meza ya mabegi ya mitumba, katikati ya kelele za wanadi nguo na harufu ya dagaa, aliliona begi la kijivu lenye mikanda mipana. Alilishika mkanda wa kulia. Wakati uleule mkono mwingine ukashika mkanda wa kushoto.

"Samahani, kaka. Nimeliona mimi kwanza."

"Unalitaka lote?"

Shamila akamgeukia. Alikuwa mwanamume mrefu mwembamba, shati lake la drafti limekunjwa mikono hadi viwikoni, na kola yake imechomekwa sindano mbili zenye uzi.

"Sasa nani ananunua nusu begi?"

"Mimi. Nataka hizi klipu zake tu," akasema, akibofya klipu ya plastiki mpaka ikalia. "Mpya ni shida kupatikana hapa. Nikishazitoa, hilo lililobaki nakupa bure."

"Begi lisilofungika nilifanyie nini?"

"Na hilo lenye kufungika utalifanyia nini? Unabeba nini?"

"Meno."

Yule mwanamume akaachia mkanda. "Meno ya nani?"

"Ya watu."

Muuza mabegi aliacha kuhesabu chenji akawatazama. Shamila alijitahidi asicheke, akashindwa. Akaeleza kazi yake, akaeleza na mkasa wa mwalimu. Yule mwanamume alisikiliza bila kumkatiza, kisha akasema hilo begi la kijivu ni la kupandia milima, si la kupandia baiskeli.

"Mgongoni unabeba joto. Mbele unabeba usukani. Ukifunga juu ya keria kwa mpira wa tyubu, siku moja utafika na mpira peke yake. Mzigo wa baiskeli ukae chini, ubavuni mwa gurudumu la nyuma, huku na huku, kama shogi, yale makapu pacha ya punda. Uliza wazee, mizigo ya njia hii tangu zamani ni kugawanya tu."

"Na mabegi ya namna hiyo yanauzwa wapi?"

"Hayauzwi. Yanashonwa." Akajipiga kifuani. "Sabiri. Fundi wa turubai. Nipo barazani, nyuma ya maduka ya vyombo. Njoo na baiskeli yako Jumatatu, na viatu unavyovaa kazini."

"Viatu vya nini?"

"Wewe njoo navyo."

Jumatatu Shamila alifika amevaa suruali pana ya bluu, gauni fupi la maua juu yake, na ushungi wa rangi ya kahawia. Baraza lilikuwa na mafundi wawili. Sabiri alishona turubai upande mmoja, na upande wa pili dada mmoja mnene mcheshi aitwaye Ummy alishona sare za shule. Sabiri alimwomba Shamila apande baiskeli, aegemee nguzo, aweke mguu kwenye pedeli. Akapiga goti na futi yake ya ushonaji, akapima kutoka kisigino cha Shamila hadi kwenye keria.

"Begi likija mbele mno utalipiga kisigino kila ukikanyaga," alisema bila kuinua uso. "Likirudi nyuma mno, baiskeli itainua pua. Una mguu mrefu kwa mtu wa kimo chako."

"Ni kipimo hicho au ni maneno?"

"Ni kipimo. Maneno bado sijaanza."

Ummy akaguna nyuma ya cherehani yake.

Mabegi yalichukua siku tano. Yalikuwa mawili, ya turubai nzito ya lori, rangi ya kijani iliyokoza. Chini aliweka ubao mwembamba, kuta akazivika sponji ya godoro, na ndani akagawa vyumba sita kila upande, kimoja kwa kila boksi la meno. Kifuniko kilishuka hadi chini ili mvua isipenye, na nyuma alishona ukanda unaong'aa ukimulikwa na taa za magari. Kila begi lilining'inia kwenye keria kwa mikanda miwili yenye klipu.

"Kilo nne kila upande," alimwambia siku ya kumkabidhi. "Usizidishe. Na usibebe upande mmoja ukaacha mwingine mtupu. Umenisikia?"

"Nimekusikia, fundi."

"Sabiri."

"Nimekusikia, Sabiri."

Tangu siku hiyo mabegi yalikuwa na matatizo ambayo mwenye mabegi hakuyaona. Sabiri alipiga simu kuuliza kama uzi haujalegea. Kesho yake akapiga kuuliza kama mvua haikupenya. Siku ya tatu Shamila akamwambia, "Sabiri, mvua haijanyesha tangu juzi."

"Najua. Nauliza hali ya mwenye begi."

"Mwenye begi hajambo."

"Amekula?"

"Amekula. Na wewe umekula, au umemeza sindano?"

Wakazoeana. Jumapili walikodi baiskeli ya pili wakaenda Kwihara taratibu, wakala karanga na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyopikwa vikakaushwa, vinavyotafunwa mpaka taya zichoke. Sabiri akasema kwa meno aliyonayo yeye atakuwa mteja wake kabla hajafikisha miaka hamsini. Shamila akamwambia afungue kinywa aone, akamkagua palepale kando ya njia kwa uso wa kazi, akatoa hukumu kwamba magego mawili yamekwisha lakini ya mbele ni mazuri.

"Mazuri kiasi gani?"

"Ya kutosha kuchekea. Funga mdomo, nzi wanakuja."

Shamila alipenda namna Sabiri alivyozungumza kidogo na kusikiliza sana. Alipenda mikono yake, yenye sugu kwenye kidole gumba na harufu ya nta ya uzi. Miezi minne ikapita, na shangazi Sikuzani, aliyekuwa hana habari rasmi, akaanza kuuliza huyo fundi anatoka ukoo gani.

Mwezi Machi, mvua zikiwa zimeshika kasi, Shamila aliharibu mambo.

Kulikuwa na mteja aitwaye Mzee Mahona, katekista mstaafu, ambaye binti yake alikuwa anaolewa Jumamosi. Mzee alitakiwa kusimama mbele ya watu kutoa nasaha, na hakuwa na jino hata moja. Seti yake, juu na chini, ilimchukua Shamila wiki tatu. Jumatatu alasiri aliiweka kwenye boksi ampelekee. Lakini kabla ya kumfikia alipita dukani kumchukulia shangazi sembe, mfuko wa kilo kumi. Begi la kushoto lilikuwa limejaa maboksi ya kliniki. La kulia lilikuwa tupu. Akatoa vigawanyo, akautumbukiza mfuko, na juu yake akaweka boksi la Mzee Mahona. Alikumbuka alichoambiwa. Alijiambia si mbali.

Kwenye kivuko cha reli baiskeli iliruka mara mbili. Mara ya pili klipu ilikatika, kisha ya pili yake, begi likaanguka. Mfuko wa sembe ulichanika pembeni lakini ukabaki ndani. Boksi liliteleza katikati ya barabara yenye matope, na bajaji iliyokuwa nyuma haikuwa na nafasi ya kukwepa. Shamila alisikia sauti ya kitu kikavu kikisagika. Dereva alisimama, akatazama chini, akaona nusu ya tabasamu imelala kwenye tope, akasema, "Mungu wangu!" akaondoa gari.

Bwana Amon hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Imekuwaje?"

"Begi limekatika," Shamila akajibu.

"Chapa zake bado tunazo. Seti nyingine Ijumaa. Ikishindikana, mzee atasema nini kwa wageni wake? Na wewe nitakwambia nini?"

Kutoka hapo alikwenda moja kwa moja barazani, ushungi umelowa, suruali ina matope hadi magotini. Sabiri alikuwa na mgeni. Alikuwa Wenceslaus, mratibu wa mradi mmoja wa afya, aliyekuja kuagiza mabegi thelathini kwa wahudumu wanaozunguka vijijini kwa baiskeli, mpaka kule Lusu. Shamila alijua habari za oda hiyo. Sabiri alikuwa hazungumzi kingine wiki mbili hizo. Lakini hasira na hofu vilimtangulia.

"Tazama kazi yako!" akasema, akalibwaga begi kwenye meza ya kukatia. "Limekatika barabarani. Meno ya watu yamesagwa, nitafukuzwa kazi. Hii ndiyo turubai ya lori? Hizi ndizo klipu?"

Cherehani ya Ummy ilinyamaza. Wenceslaus alinyanyua mkanda wenye klipu iliyokatika, akautazama kwa karibu.

Sabiri aliuliza jambo moja. "Ulibeba nini?"

"Nilichobeba kila siku."

Sabiri akalivuta begi upande wake wa meza. "Sawa," akasema. "Liache nilishone."

Wenceslaus alisema atapita siku nyingine. Shamila akaondoka akijihisi ameshinda, na ushindi ule ulimdumu mpaka kona ya kwanza.

Jioni hiyo simu haikulia. Jumanne haikulia. Jumatano Shamila alipiga yeye.

"Sabiri."

"Naam."

"Hujambo?"

"Sijambo. Begi lako liko tayari, nimemwachia Ummy."

"Wewe hupo?"

"Nina safari ya Nzega. Nafuata klipu mpya."

"Mbona husemi kitu?"

"Nimeshasema, Shamila. Liko tayari."

Akakata. Shamila akabaki na seti mpya ya Mzee Mahona mkononi, akaisugua mpaka Bwana Amon akamwambia ataimaliza.

Alhamisi saa sita alikwenda kuchukua begi. Ummy alimpa bila tabasamu, na hilo peke yake lilikuwa jambo geni.

"Da Ummy, kuna nini?"

"Unaniuliza mimi?" Ummy alivua miwani. "Mdogo wangu, yule bwana wa mradi hajarudi. Nasikia nusu ya oda ameipeleka kwa fundi mwingine. Watu wanapita hapa wanauliza, hili ndilo baraza la mabegi yanayokatika? Na mwenzako kimya. Haya, hilo nalo ni lake. Lakini Jumatatu ileile alipoligeuza begi lako ndani nje ili alishone, alikung'uta sembe. Sembe, Shamila, imeganda kwenye pindo zote kama uji. Nilikuwa nimekaa hapa hapa. Nikamwambia, nenda kamwambie yule bwana. Unajua alijibu nini?"

Ummy akarudisha miwani usoni.

"Alisema, 'Nikamwambie kwamba Shamila ni mwongo?' Akafagia, akaendelea kushona."

Shamila akakaa kwenye gogo la mafundi, begi mapajani. Kumbe Sabiri alijua tangu Jumatatu. Alikuwa na ushahidi mkononi, akaufagia.

Siku ile hakula. Shangazi Sikuzani alimwangalia akigeuzageuza ugali, ugali wa sembe ileile, akauliza, "Mmegombana?"

"Nimemkosea, shangazi. Mbele ya watu."

"Basi umwombe radhi mbele ya watu. Kosa la sokoni halisuluhishwi chumbani."

Ijumaa asubuhi alimpelekea Mzee Mahona meno yake. Mzee aliyavaa, akafunga na kufumbua kinywa, akasema "Bwana asifiwe" mara tatu kila mara kwa sauti kubwa zaidi, akaridhika. Alipouliza kwa nini yalichelewa, Shamila alimweleza yote, pamoja na sembe. Mzee alimtazama.

"Ungeniambia begi ni bovu ningeamini."

"Ndiyo, mzee. Wote waliamini."

Akarudi karakanani akamwambia Bwana Amon. Huyo hakufurahi hata kidogo, akamwambia ole wake mzigo wa nyumbani uonekane tena kwenye kazi yake. Kisha Shamila akamtafuta Wenceslaus ofisini kwao. Alimkuta anakula mahindi ya kuchoma.

"Mimi ndiye niliyetupa begi mezani kwa fundi Sabiri," Shamila akasema akiwa amesimama. "Nilisema uongo. Aliniambia kilo nne, mimi nikatia sembe kilo kumi."

Wenceslaus alitafuna taratibu. "Kwa nini unaniambia leo?"

"Kwa sababu Jumatatu niliona haya."

"Na leo?"

"Leo naona haya zaidi."

Wenceslaus aliweka gunzi chini. "Kumi na tano zimeshakwenda kwa mwingine. Hizo siwezi kuzirudisha, nimetia sahihi. Zilizobaki bado ziko mkononi mwangu. Lakini wahudumu wangu ni watu kama wewe, dada. Ukiwaambia kilo nne watabeba kumi. Nitakuja kesho barazani nione begi likibeba kumi kwa macho yangu."

Jumamosi ile baraza lilijaa watu, maana Ummy alikuwa amepita akitangaza. Sabiri alikuwa amerudi usiku uliopita. Alikuwa amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, kwa kuwa alitoka kumzika jirani, na ilimfanya aonekane mgeni. Shamila aliegemeza baiskeli kwenye nguzo, akasimama mahali palepale alipolibwagia begi.

"Jamani, nisikilizeni kidogo," akasema. "Jumatatu nilimwita huyu fundi mbovu. Begi halikuwa na kosa. Nilibeba mzigo alionikataza, na aliponiuliza nikamdanganya. Sabiri, naomba radhi."

Watu walimgeukia Sabiri. Alijikuna shingoni.

"Kosa nusu," akasema.

"Nini?"

"Kosa lako ni nusu. Zile klipu zilikuwa za lile begi la mitumba. Zilishaliwa na jua huko zilikotoka, na mimi nilijua. Nilitaka nikumalizie haraka, ili nipate sababu ya kukupigia simu." Watu wakaangua kicheko, naye akangoja waishe. "Ningeweza kuyasema hayo Jumatatu. Nilinyamaza kwa kuwa niliumia, nikajidai nakusitiri. Nami naomba radhi."

"Mkimaliza kuombana radhi," Wenceslaus akasema, "mimi nina mkutano saa tano."

Sabiri alifunga begi lenye klipu mpya. Wakatia mawe kilo kumi kila upande, wakipima kwa mizani ya muuza karanga. Shamila akapanda, akaelekea relini, na nusu ya soko ikamfuata kwa miguu. Akavuka reli mara moja. Akageuza akavuka tena, akisimama kwenye pedeli ili baiskeli itue kwa kishindo. Mara ya tatu pancha ikamkuta, akarudi anaikokota, lakini begi lilikuwa mahali pake.

Wenceslaus alitoa oda ya mabegi kumi na tano. Hayakuwa thelathini. Sabiri alisema kumi na tano yanatosha kuanzia, na uso wake ulionyesha kwamba yale mengine yalimuuma.

Waliziba pancha pamoja, wameinamia beseni la maji, wakitafuta mapovu.

"Bado umenuna?" Shamila akauliza.

"Kidogo."

"Mpaka lini?"

"Mpaka kesho kutwa. Jumatatu nina kazi nyingi."

Jumatano jioni, Shamila akianua nguo uani, simu ikalia.

"Laazizi, shangazi yako yupo Jumapili?"

"Yupo. Kwa nini?"

"Kuna wazee wawili wangependa kupita kumsalimia. Mmoja ni baba yangu mdogo. Wana barua."

Shamila akaliachia shati kwenye kamba. Alijua barua hiyo ni ya nini, kila mtu hujua. "Sabiri, kabla hawajaja nina sharti."

"Sema."

"Siku nikikudanganya, usininyamazie. Nigombeze. Nikemee. Ukinyamaza nakuwa kama mtu anayepiga hodi kwenye nyumba yenye watu."

Akasikia pumzi ikivutwa upande wa pili.

"Basi nianze leo. Ile kofia uliyoninunulia Idi inanibana. Kila nikiivaa kichwa kinaniuma hadi alasiri."

"Miezi yote hii! Kwa nini hukusema?"

"Si ndiyo nasema!"

Shamila alicheka mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta.

Jumapili wazee walifika saa nne, wamevaa makoti juu ya kanzu. Shangazi Sikuzani aliwapokea kwa shikamoo na marahaba za kutosha, akawaketisha, akaipokea barua yao kwa mikono miwili, kisha akaingia jikoni alikokuwa Shamila amejifanya anaosha vikombe safi.

"Wameleta maneno yao," shangazi akasema kwa sauti ya chini. "Mimi sitajibu kwa niaba ya mtu mzima. Niwaambie nini?"

"Waambie ndiyo, shangazi."

"Umefikiri?"

"Nimefikiri. Waambie sasa hivi."

"Sasa hivi hapana," shangazi Sikuzani akasema, akachukua birika. "Wanywe chai kwanza. Nimemlea mtoto miaka kumi na minane, siwezi kumtoa kwa dakika tano."